Hela ya Kupotea

Umeniuliza, Kiondo, mikono yako imejaa grisi,
uanze na shilingi ngapi.
Hukuuliza kama uanze. Sawa.
Nipe hiyo spana, kaa,
nikwambie mimi nilianza na ngapi.

Mia tano. Hapahapa, Barabara ya Kumi na Mbili,
kwa vijana nisiowajua, wako Korea sijui Uchina,
wanapigana kwa vidole ndani ya kioo
na mashabiki wanalia kama wamefiwa.
Nikapata elfu nne na mia mbili.
Hiyo ndiyo hasara yangu ya kwanza.

Wiki ya tatu nilijua majina yote:
nani huvamia mapema,
nani hutetemeka wakifika ramani ya pili,
timu gani imemfukuza kocha.
Nilijua kila kitu
isipokuwa kilichomo mfukoni mwangu.

Usiku mmoja wa mvua za Mei mkeka ukachanika,
nikasema: naurudisha.
Liogope neno hilo, Kiondo.
Nikaweka ya unga. Ukachanika.
Nikaweka ya kodi ya chumba.
Kulipopambazuka nikaweka ya mteja,
ya tairi la nyuma la mwalimu wa Usagara,
na mwalimu akaenda kazini kwa miguu siku tisa,
akipita hapa, akinisalimia vizuri.
Huko kunisalimia vizuri ndiko kulikoniuma.

Shangazi Mwanakombo alinisikia kwenye simu:
"Mkeka umechanika tena."
Yeye husuka mikeka ya ukindu, kule Mikanjuni.
Akauliza nani aliyenishonea.
Nilipomweleza alicheka mpaka ukili ukamtoka mkononi,
kisha akataka kubeti na yeye.
Mia mbili. Alichagua wenye jezi za zambarau
kwa kuwa rangi hiyo ilikuwa imemwishia.
Wakafungwa. Akasema, "Haya," akarudia chane zake.
Nikangoja aongeze nyingine.
Hakuongeza.
Ile mia mbili, kumbe, alishaizika kabla hajanipa.

Basi tazama hili kopo la maziwa.
Tarehe mosi, unga ukishanunuliwa,
kodi ikishalipwa, mama akishatumiwa,
natia humu elfu sita.
Kwenye daftari naiandika: imepotea.
Si mtaji. Si akiba. Imepotea,
kama hela ya chipsi, kama hela ya kiingilio uwanjani.
Mkeka mmoja elfu moja, haupandi.
Kopo likiisha tarehe kumi na moja, limeisha;
siku zilizobaki natazama bure,
na bure pia wanacheza vizuri.
Ikirudi kubwa, nusu haiingii tena humu.
Sikopi. Simu ikiniita "mshindi wetu" naizima,
maana haijui jina langu.
Nikiwa na hasira sibeti. Nikiwa na furaha sana pia.
Mwezi wa Agosti nilivunja sheria hii mara mbili,
imo kwenye daftari, utaiona, wino mwekundu.

Dada yangu hapiti tena karakana hii.
Kwake kamari ni kamari, hata iwe ya kopo,
na sina la kumjibu.

Mwalimu? Nilimlipa. Nikamfungia na la mbele, bure.
Hajawahi kuuliza hela yake ililala wapi.

Wewe sasa, miaka kumi na tisa, mshahara wa wiki,
unataka nikutajie namba.
Anza na ile ambayo ukiiangusha
kwenye mtaro wa Ngamiani, maji yakaenda nayo,
utavuta pumzi, utaendelea na safari yako.
Kama hakuna namba ya hivyo, basi ni sifuri,
na sifuri nayo ni namba.

Haya, shika gurudumu. Zungusha.
Bado rimu inayumba, unaona?
Spoku hiyo. Hapana, ya pili yake.
Robo. Nimesema robo.
Usikaze kwa hasira.